Mapambo Yanayohesabika: Kuandaa Sherehe Karatu na Ngorongoro

Sherehe nyingi za Karatu huanzia kwenye daftari. Wanakamati hukutana sebuleni kwa mzazi au kwenye ukumbi wa parokia, katibu huandika majina ya wachangiaji pamoja na ahadi zao, na baada ya vikao kadhaa hupatikana fedha za kuamua mambo makubwa: turubai, viti, chakula, muziki na mapambo. Daftari hilo huandikwa kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Kila elfu kumi ina jina la aliyeitoa. Lakini fedha hizohizo zinapotoka kwenda kwa mpambaji, kalamu huwekwa chini. Mpambaji huonyesha picha kwenye simu, wanakamati hupendezwa, mmoja wao hutuma kishika uchumba kwa simu, na makubaliano yote hubaki ndani ya sentensi moja: "Msiwe na wasiwasi, tutawapambia vizuri."

Makala hii imeandikwa kwa sababu ya sentensi hiyo. Sisi tunaoshughulikia haki za mlaji hatuna ugomvi na uzuri, wala hatumwambii mtu apunguze furaha ya kipaimara cha mwanawe au ya kumuaga binti yake. Tunalosema ni kwamba neno "vizuri" halihesabiki, na kisichohesabika ni vigumu kukidai. Kwa hiyo tutazungumza mambo mawili yanayokwenda pamoja: mapambo ambayo familia inaweza kuyatengeneza yenyewe kwa vitu vya hapahapa, na mapambo ambayo hayana budi kukodiwa au kununuliwa, pamoja na namna ya kuyaagiza kwa hesabu. Sehemu ya kwanza ikiwa kubwa, fedha za wachangiaji zilizo mikononi mwa mtu mwingine kabla ya siku yenyewe huwa ndogo.

Mahali kwanza, picha baadaye

Picha zinazozunguka kwenye simu aghalabu zimepigwa katika kumbi za mijini, penye kuta, vigae na viyoyozi. Ua wa nyumba ya Karatu ni mahali pengine kabisa. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, udongo wake ni mwekundu na huruka kwa urahisi wakati wa kiangazi, na kati ya Juni na Agosti jioni huingia baridi ya kuwafanya wageni watafute makoti kabla keki haijakatwa. Kabla ya kuchagua rangi, simameni uani saa ileile ambayo sherehe itafanyika. Tazameni upepo unatoka upande gani, jua linapiga wapi, na vumbi la magari yapitayo barabarani linatua wapi. Meza kuu iupe upepo mgongo. Hili ni jambo dogo, lakini ndilo huamua kama mishumaa itawaka na kama shela ya bibi harusi itatulia kwenye picha.

Kitambaa cheupe kina gharama iliyojificha. Kikitandikwa uani saa sita mchana, ifikapo saa kumi pindo lake limekwisha kubadilika rangi, na mtoto mmoja mwenye viatu vyenye tope anatosha kumaliza kazi iliyobaki. Kesho yake mkodishaji huhesabu madoa na kudai fedha ya kufulia, pengine hata bei ya kitambaa kipya. Ushauri wetu ni kuviweka vitambaa vyeupe kwenye meza kuu peke yake, chini ya turubai na juu ya mkeka au zulia. Meza za wageni zikivaa rangi ya damu ya mzee, au kijani kizito cha jani la kahawa, vumbi halionekani na picha hazipotezi kitu. Pale ambapo maji hayana shida, mwagieni ua jioni ya kuamkia sherehe na tena asubuhi. Pale ambapo ndoo ya maji hununuliwa, tandazeni mikeka kwenye njia kuu ya kupita.

Vinavyopatikana hapahapa

Wilaya ya Karatu hulima vitu vinavyopendeza macho kabla havijafika jikoni. Masuke makavu ya ngano au shayiri yakikusanywa fungu moja moja na kufungwa kwa kipande cha kitenge hukaa wiki nyingi bila maji, hayanyauki njiani, na yanaweza kuandaliwa na akina mama na vijana wa familia siku kumi kabla. Alizeti zinapochanua, mashina 5 ndani ya ndoo iliyovishwa gunia hujaza kona ambayo mpambaji angeijazia maua ya plastiki ya kukodi. Majani ya migomba kutoka Mto wa Mbu hufanya lango la kuvutia, mradi yakatwe asubuhi ya siku yenyewe na mashina yake yasimame ndani ya maji hadi dakika ya mwisho, kwani jua la saa nane huyakunja.

Vitunguu vyekundu vya Mang'ola tunavipenda kuliko vyote. Vikapu vitatu au vinne vya vitunguu vilivyochambuliwa na kupanguswa, vikawekwa mahali pa mapokezi, hupendeza kwa rangi yake, na wageni wanapoondoka kila mmoja hupewa vichache akapikie nyumbani. Pambo limegeuka zawadi, na hakuna kilichotupwa. Iwekwe mifuko ya karatasi au vikapu vidogo vya ukindu kwa ajili ya kubebea. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na sherehe ya nyumbani haikusamehewa.

Nguo zimo kabatini. Kanga za mama wakubwa na shangazi, zikiazimwa doti ishirini na kutandikwa katikati ya meza ndefu juu ya kitambaa cha rangi moja, huleta rangi ambayo satini ya kukodi haina, na maneno yake huwapa wageni la kuzungumza wakisubiri chakula. Kila doti ishonewe alama ndogo ya mwenyewe kwa uzi, ili usiku wa kukusanya vitu usiwe usiku wa kutafutana maneno. Shuka za Kimaasai hufaa kufunika migongo ya viti, na baridi ikiingia hushuka mabegani mwa wageni wazee. Vibuyu vilivyokwisha kustaafu kazi ya maziwa husimama vizuri kama vyombo vya maua. Wenye nafasi wanaweza kuagiza vishikizo vya leso vya shanga kwa akina mama wa Ngorongoro, au bangili za shaba kwa wahunzi wa Kidatoga walioko karibu na Ziwa Eyasi. Agizeni mapema, mkae pamoja na fundi mkubaliane idadi, rangi na siku ya kukabidhi, na mlipe bei ya kazi ya mkono. Haki katika biashara humhusu pia yule anayeuziwa maneno kwamba "nitakutangaza kwa wageni" badala ya kulipwa.

Kuna majani ambayo si ya kuchezea. Manyara, mmea wa uzio ambao inasemekana ndio uliolipa jina Ziwa Manyara, una vijiti vya kijani vyenye umbo la kupendeza na huvutia sana macho ya mpambaji asiyejua. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia machoni huleta madhara makubwa. Oleanda, yenye maua ya waridi au meupe kwenye bustani nyingi, ina sumu inayoshambulia moyo katika kila sehemu yake. Isiwekwe pembeni mwa sinia la chakula, wala matawi yake yasitumiwe kuchomea mishikaki. Yale maua makubwa ya tarumbeta yanayoning'inia nayo yana sumu. Jani la isale halina matata ya aina hiyo, ila kamati ikumbuke kwamba kwa Wachaga ni jani la kuombea msamaha. Mgeni kutoka Marangu akilikuta limepangwa mbele ya sahani yake anaweza kutumia nusu ya sherehe akijiuliza ni nani kamkosea nani.

Manyoya ya mbuni, mayai yake, miiba ya nungunungu, pembe na ngozi za wanyamapori havina nafasi mezani, hata kama mtu anasema aliviokota. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huvihesabu vitu vya namna hiyo kuwa nyara, na kuwa navyo bila kibali ni kosa la jinai. Mpambaji akivileta, viondoke naye kabla ya mgeni wa kwanza kufika.

Kukodi kwa hesabu

Tuseme familia moja ya Karatu mjini inaandaa sherehe ya kipaimara ya wageni 150. Imekwisha kuamua kwamba lango, mapokezi na meza za wageni itazipamba yenyewe. Imebaki na turubai, viti, meza kuu, taa na vyombo. Mpambaji anataja bei moja ya jumla, kwa mfano shilingi 1,200,000, na kuonyesha picha.

Swali la kwanza la kamati liwe juu ya hizo picha: ni kazi yake mwenyewe, au amezichukua mtandaoni? Kuonyesha kazi ya mtu mwingine kana kwamba ni yako ili upate mteja ni upotoshaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara wa kumpotosha mlaji. Mpambaji mwaminifu hataona haya kusema, "Hii nimeichukua kama mfano, yangu ni hii hapa." Ombeni kuonana na familia moja aliyoipambia hivi karibuni. Karatu si mji mkubwa, hili huchukua jioni moja.

Swali la pili ni kuvunja bei ya jumla vipande vipande. Turubai ngapi, za ukubwa gani, zenye kuta za pembeni au bila kuta? Viti vingapi, vya plastiki au vya chuma? Vina vifuniko? Riboni za rangi gani? Meza kuu ya watu wangapi? Maua ni ya asili au ya kitambaa, na ni mafungu mangapi? Taa ngapi? Nani analeta jenereta, na nani ananunua mafuta yake? Mara nyingi tofauti ya bei kati ya wapambaji wawili huwa imejificha hapa: mmoja amehesabu usafiri, kufunga, kufungua na kulala kwa mafundi wake, na mwingine ataleta hesabu hizo jioni ya sherehe, wakati ambapo kamati haiwezi tena kukataa. Ulizeni pia kama bei iliyotajwa imekwisha kujumuisha kodi.

Majibu yaandikwe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua makubaliano ya mdomo, lakini mbele ya mwamuzi yeyote makubaliano ya mdomo huwa ni neno la mmoja dhidi ya neno la mwenzake. Si lazima kumtafuta wakili. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, ukiandikwa hivi:

"Sisi, kamati ya sherehe ya ........, tumekubaliana na mpambaji ........ kwamba tarehe ........, katika nyumba ya ........, ataleta na kufunga turubai 3 zenye kuta za pembeni; viti 150 vya plastiki vyenye vifuniko vya rangi ya damu ya mzee; meza kuu ya watu 8 yenye kitambaa cheupe na mafungu 4 ya maua ya asili; na taa 12 pamoja na nyaya zake. Kazi ya kufunga itakamilika saa 4:00 asubuhi. Usafiri, kufunga na kufungua vimo ndani ya bei. Bei ni shilingi ........, italipwa kwa awamu tatu. Kitu kikipungua, thamani yake itakatwa kwenye awamu ya mwisho kwa bei zilizoandikwa hapa. Madoa ya kawaida ya vumbi na chakula hayatalipiwa. Kitambaa kilichochanika au kuungua kitalipiwa shilingi........ kwa kimoja. Vitu vimehesabiwa na pande zote mbili vikiletwa na vikirudishwa."

Sahihi mbili, majina kamili, namba za simu na shahidi mmoja. Ibara ya madoa tunaisisitiza kwa sababu hakuna inayosahaulika kama hiyo, na udongo wa Karatu hausahau mtu. Ibara ya kupungua kwa vitu nayo inafanya kazi pale tu ambapo kila kitu kimeandikiwa bei yake.

Kuhusu malipo, awamu tatu ndiyo njia ya wastani. Kwa mfano wetu, shilingi 400,000 hulipwa mnapotia sahihi, 400,000 vitu vikishushwa na kuhesabiwa, na 400,000 kazi ikikamilika. Mpambaji naye ana hoja: hawezi kununua maua kwa fedha ambayo hajaipata, na zipo familia ambazo zikishacheza muziki husahau deni. Anayetaka bei yote mapema, hata hivyo, ameiachia kamati imani tupu. Malipo ya simu yapelekwe kwenye namba ya biashara pale inapowezekana, msome jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha, na muutunze ujumbe wa muamala. Ujumbe huo unaonyesha kwamba fedha imekwenda. Hausemi imekwenda kununua nini. Kwa hiyo daini risiti, na kwa mfanyabiashara anayewajibika kutumia mashine ya EFD, risiti ya mashine hiyo.

Soda na bia zina hesabu yake. Kreti ya soda ina chupa 24, na chupa tupu zina thamani. Mtu mmoja, asiyependa sana kucheza muziki, apewe kazi ya kuzikusanya. Nyama ipimwe kwa mizani mbele yenu badala ya kukadiriwa kwa macho, na mizani iwe na alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo.

Sherehe ndani ya Hifadhi

Wapo wanaotaka kutoka nje ya mji: chakula cha mchana cha kumbukumbu ya ndoa kwenye ukingo wa kreta, picha za maharusi, au sherehe za wakazi wenyewe huko Endulen na Nainokanoka. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 na iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979; mwaka 2010 ikatambuliwa pia kwa thamani yake ya kiutamaduni. Anayepamba ndani yake amealikwa kwenye nyumba ya wengine, na baadhi ya wenyeji wana meno.

Lango la Lodoare hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Mkataba wa mpambaji anayetoka Karatu lazima useme ni nani anayelipia kiingilio cha gari na cha mafundi wake, na nini kitatokea gari likichelewa lango. Tusisitize hapa, maana gharama hii haipo kabisa katika sherehe ya mjini na hivyo haimjii mtu akilini mpaka gari liko getini na kila mmoja anamtazama mwenzake. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo. Yeyote anayetaka mpewe unafuu kwa kumkabidhi fedha taslimu mkononi hawatendei wema. Kwa shughuli yoyote inayozidi kula na kupiga picha, ombeni kwanza maelekezo ya Mamlaka ya Hifadhi kwa maandishi, na hoteli ikisema kibali imekwisha kukipata, ombeni nakala.

Mapambo ya huko yawe yale yanayorudi nyumbani yote. Maputo hupasuka au kuruka, na vipande vyake huishia tumboni mwa mnyama. Vikaratasi vya kurushia maharusi haviokotwi vikaisha. Fataki hazifai hata kufikiriwa. Maua na matawi ya Hifadhi hayachumwi. Vinavyobaki si vichache: mikeka, shuka, vikapu, vibuyu, kanga, vyombo vya udongo, na mandhari ambayo hakuna mpambaji anayeweza kuishindania zabuni. Katika eneo la mapumziko la Ngoitokitok, chini ya kreta, jihadharini na mwewe. Hushuka ghafla na kunyakua kipande cha kuku kutoka mkononi, na kucha zake huacha majeraha. Chakula kiliwe ndani ya gari. Ukingo wa kreta uko juu zaidi ya mita 2,200, kwa hiyo zile shuka zilizopamba viti zitahitajika mapema kuliko mlivyopanga.

Baridi, umeme na chakula

Baridi ndiyo huleta hatari kubwa kuliko zote, nayo huingia kama tendo la huruma. Bibi anatetemeka, mtu analeta jiko la mkaa ndani ya turubai, na kwa kuwa upepo unasumbua, kuta za pembeni zinafungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Huanza na kuumwa kichwa, kizunguzungu na usingizi, dalili ambazo katika sherehe hudhaniwa kuwa ni uchovu au pombe. Kisha huua. Jiko la mkaa lisiingie mahali palipofungwa, na lisiachwe chumbani walikolazwa watoto waliosinzia. Jenereta nayo ikae mbali na turubai, upande ambao upepo unachukua moshi wake nje. Wazee wapewe blanketi na chai ya tangawizi, na ratiba iwaruhusu kwenda mapema.

Vitambaa vinavyoning'inia na mishumaa havipatani. Tumieni taa za LED zenye alama ya ubora ya TBS, msirundike plagi kwenye ekstensheni moja, na nyaya zisipite chini ya zulia. Baluni za kupaa zijazwe heliamu. Hidrojeni ni rahisi zaidi lakini hulipuka, na muuzaji asiyeweza kusema ni gesi gani ameijaza asipewe biashara. Ndoo mbili za mchanga ziwe karibu. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Chakula kilichopikwa kisikae wazi kwa zaidi ya saa mbili. Hotuba hurefuka, tunajua, na pilau iliyopakuliwa saa saba huwa imepoa kabisa wazazi wanapomaliza kushukuru. Chakula kibaki kwenye mahotipoti au juu ya moto, kipakuliwe meza kwa meza, na kilichobaki kipashwe hadi kichemke kabla ya kuliwa tena.

Kuhusu muziki, kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo huweka viwango vikali zaidi wakati wa usiku. Ofisi ya mtendaji itawaeleza saa zinazoruhusiwa mahali penu. Jirani aliyealikwa hulalamika mara chache kuliko jirani aliyesahauliwa.

Mambo yakiharibika

Mpambaji akija na viti 110 badala ya 150, msisubiri hadi usiku. Pigeni picha saa hiyohiyo, andikeni pungufu kwenye karatasi ya makubaliano, na yeye aweke sahihi pembeni yake. Mtu aliyesimama kati ya viti pungufu hukubali ukweli kwa urahisi zaidi kuliko atakavyokubali wiki moja baadaye. Kateni thamani ya pungufu kwenye awamu ya mwisho kama mlivyoandikiana, wala si zaidi, kwa kuwa kumnyima mtu malipo yote kwa sababu ya riboni mbili ni kuvunja mkataba kwa upande wenu.

Asipotokea kabisa, au akitaka kubaki na fedha bila kufanya kazi, mwandikieni barua au ujumbe unaotaja tarehe, kiasi mlicholipa na siku mnazompa kurejesha. Kama hakujibu, Mahakama ya Mwanzo inaweza kupokea dai la fedha linalotokana na makubaliano, na mashauri yake huendeshwa kwa Kiswahili. Pale ambapo hakukuwa na nia ya kufanya kazi tangu mwanzo, hilo ni suala la polisi. Na pale ambapo mfanyabiashara anajitangaza kwa picha zisizo zake, au anawapotosha wateja wengi kwa mtindo uleule, leteni taarifa kwetu hata kama ninyi wenyewe mmekwisha kupatana naye.

Mkija, njooni na karatasi ya makubaliano, risiti, ujumbe wa miamala, picha alizowaonyesha kabla ya kazi na picha mlizopiga siku yenyewe. Daftari la michango halihitajiki. Hilo liacheni nyumbani kwa katibu, maana kikao cha kuvunja kamati hakijafanyika.